Picha za Kitambi Nilizomtumia Mama

Wapendwa, jina la Bwana libarikiwe! Zamani ningesimama hapa na gitaa. Leo nimesimama na mdomo tu.

Ndugu zangu, nilifika Landani miaka ya tisini nikiwa mwembamba kama ufito. Nikapata kazi ya kuhudumia wazee, shifti juu ya shifti. Chakula changu kilikuwa chipsi na kuku wa kukaanga, nakula nikisubiri basi. Nikanenepa, shingo ikapotea! Na nilifurahi, jamani! Kila Krismasi nilipiga picha nimefungua koti ili kitambi kionekane, nikamtumia mama Tabora. Mama alizunguka nayo mtaa mzima: mwanangu kanawiri, Ulaya imemkubali!

Siku moja nesi wa kliniki akanipima. Presha iko juu, mafuta kwenye damu yamezidi, na hata miaka thelathini sijafika. Akaniambia wazi kwamba uzito ule ndio unaonitesa, nikiupunguza vyote viwili vitashuka. Nikacheka moyoni. Presha ni ya wazee wangu kule kazini, siyo ya kijana! Tena niliogopa. Miaka ile, kule nyumbani, ukikonda hakuna aliyekuuliza habari za presha. Walinong'ona, "Amekanyaga waya," yaani ana UKIMWI. Mama angeweka wapi uso wake? Basi nikakibakiza kitambi changu. Ole wangu!

Asubuhi moja namvalisha mzee mmoja soksi, mkono wangu wa kushoto ukalegea, mdomo ukaenda upande. Yule mzee, mgonjwa wangu, ndiye aliyevuta kamba ya kengele kuniitia msaada! Kiharusi, ndugu zangu. Mimi, kijana! Nililia kitandani: Ee Mungu, usinichukue kabla sijamwona mama.

Akasikia! Haleluya! Nikatembea, nikaongea. Nikameza vidonge, nikaacha chipsi, nikawa nashuka basi mapema na kutembea hadi kazini. Mwili ukapungua, presha ikashuka, na mafuta pia.

Lakini vidole vya kushoto, vile vya kubana nyuzi za gitaa, havikurudi. Sitawadanganya, kwaya ikianza kuimba naumia. Kweli majuto ni mjukuu!

Nikamtumia mama picha mpya. Akapiga simu analia. "Mwanangu, niambie ukweli, unaumwa?"

"Mama," nikamwambia, "nilikuwa naumwa kwenye zile picha ulizowaonyesha watu."



Vijana wa hapa Walthamstow, nawaona hapo, vifungo vya shati vinaomba msaada! Mungu aliyeniokoa mimi yupo, mtumainini. Na huyu dada yetu nesi amekaa pale mlangoni na kipimo cha presha. Msimpite kama nilivyompita yule wa kwanza.

Sasa mpigieni Bwana makofi. Pigeni kwa nguvu, jamani, pigeni na yangu, maana makofi yangu mimi hayalii tena.