Mabawabu Nao Walirudi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata na sisi tuliokuja na sare za kazi. Mimi si msemaji, na basi la kampuni halimngoji mtu, kwa hivyo nitasema upesi.

Wengi mnanijua: mlinzi wa geti huku ughaibuni, mtaa wa Oud Metha. Lakini nyumbani Kitale, mama yangu alinijua kama meneja. Ndiyo, nilimdanganya. Nilipigwa picha na koti la kuazima mbele ya jengo ninalolinda, nikamwandikia, "Hapa ndipo ofisi yangu." Akawaonyesha washirika wote kanisani. Basi nikawa nimejifunga mwenyewe. Kila tiketi ya likizo ilipotoka niliikataa, nikamwambia mama kazi imebana. Miaka sita! Meneja gani anarudi kwao na begi moja?

Upweke nimeuonja, ndugu zangu. Kule Al Quoz, kwenye kambi ya wafanyakazi, tulilala wanane chumba kimoja, na sikuwa na mtu. Wenzangu wakipiga simu kwao, mimi nilitoka nikakaa karibu na matangi ya maji, nisije nikaulizwa mbona sirudi kwetu. Mama akaanza kuugua miguu. Kila mara aliuliza, "Utakuja lini?" Nilimjibu inshallah, nikakata simu, nikalia.

Ijumaa moja Mama Neema, huyu dada yetu Mtanzania anayetuongoza, alitusomea habari za Wayahudi waliorudi kwao kutoka uhamishoni Babeli. Majina tu, ukoo huu, ukoo ule. Nilikuwa nasinzia, siwafichi. Mara akasoma: makuhani, waimbaji, mabawabu. Nikamuuliza, "Mama, mabawabu ndio nani?"

Akacheka. "Si ndio nyie, walinda milango."

Watu wa geti, wameandikwa na ukoo wao, wakarudi nyumbani pamoja na makuhani! Nilivunjika pale pale.

Nikampigia mama, nikatubu yote. Akasema, "Kwani mimi nilikuuliza kazi? Nilikuuliza utakuja lini."

Nilienda mwezi uliopita, na begi langu moja. Miaka sita nimewafungulia watu geti. Siku ile mama alikuja na mkongojo wake, akakataa kusaidiwa, akanifungulia yeye.

Namshukuru Mungu. Na wewe uliyejificha humu kwa aibu, mwamini yeye, halafu piga simu leo. Usingoje koti.