Inchi Saba za Mnazi wa Mauwa

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, uliyekubali kula vumbi la barabara ya Kilwa kwa ajili yetu, Mheshimiwa Liwali, Bwana Jumbe wa Mbagala, wazee wangu, shikamooni, ndugu wageni waalikwa, kina mama mliopika tangu alfajiri, nanyi wanafunzi wangu mnaosukumana huko nyuma mkidhani siwaoni: salamu kwenu nyote.

Mimi ni Mwalimu Theonest, mkuu wa shule hii, mtu wa Bukoba. Nimesimama kumuaga Mzee Fakihi Marijani, anayestaafu leo baada ya miaka ishirini na mitano ya kupima mvua. Kila siku saa tatu asubuhi, iwe Idi au Krismasi, amekwenda kwenye kipimo cha shaba nyuma ya nyumba yake, akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akasoma, akaandika. Siku kavu nazo aliandika: sifuri. Nani kati yetu, ndugu zangu, amewahi kuandika sifuri kwa uaminifu miezi mitatu mfululizo?

Mtakumbuka mwaka 1953 walivyokuja wataalamu wawili, wakakaa kwenye baraza ya shule hii. Mmoja alisema mvua ya Mbagala imepungua kwa mikono ya watu, kwa sababu mmekata miti na kuchoma mkaa. Wa pili akasema hapana, jua na bahari vina zamu zao, na miaka ya ukame ilikuwako kabla babu zenu hawajashika shoka. Walibishana kwa adabu kubwa, na kila mmoja aliegemea kitabu kilekile, kitabu cha Mzee Fakihi, kilichoonyesha kwamba inchi arobaini na nne za kila mwaka zimeshuka hadi thelathini na tatu.

Mimi nilikuwa upande wa yule wa kwanza, tena kwa kelele. Bwana Leonardi, mchoma mkaa, yuko pale safu ya tatu, na anajua nilivyomsimamisha barabarani na gunia lake nikamwuliza kama haoni aibu kutunyima mvua. Akanijibu, "Mwalimu, na wali wako wa mchana umeivishwa na nini?" Nikaenda zangu.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Yule wa kwanza alikuwa anaelekea kushinda, na angeshinda, kaya arobaini za pembezoni mwa msitu zingehamishwa kabla ya masika, Leonardi na watoto wake sita wakiwamo. Karatasi ilikuwa tayari, imebaki sahihi tu. Hapo Mzee Fakihi, aliyeitwa kushika kitabu na si kusema, akasimama. Akasema, "Mabwana, kabla hamjatia sahihi, njooni kwangu mtazame mnazi."

Kwa faida ya wageni wetu wa bara: huku, mtoto akizaliwa, kondo ya nyuma huzikwa uani na juu yake hupandwa mnazi, na mnazi ule ni wake maisha yake yote. Binti yake Mauwa alipozaliwa mwaka 1937, Mzee Fakihi alimpandia wake hatua nne kutoka kwenye kipimo, upande wa kusi, kunakotoka mvua ya masika. Kanuni za kazi zinakataza kitu kirefu kukaribia kipimo. Alizisoma, akautazama mche ukiwa umemfika gotini, akaona hajavunja lolote. Kisha kwa miaka kumi na sita akapita kando yake kila asubuhi akienda kupima mvua, asipime mnazi hata siku moja. Mzazi gani huona siku mtoto anaporefuka?

Siku tatu kabla ya kikao kile, mvua ikinyesha, alimkuta Mauwa amesimama chini ya mnazi wake, khanga haijalowa. Aliniambia baadaye kwamba aligeuka kutazama kipimo, akaona makuti yaleyale yamekikinga nacho. Angeweza kunyamaza. Wataalamu wote wawili walikuwa wanamsifu, na hakuna mwingine aliyejua. Alichagua kuaibika mbele ya watu wote, na ninasema wazi kwamba mimi nisingeweza.

Kikaletwa kipimo cha pili, kikawekwa katikati ya uwanja huu, peupe. Miaka miwili alivisoma vyote viwili. Cha uani kilipata thelathini na tatu, cha uwanjani arobaini. Inchi saba zilikuwa zimebaki kwenye makuti ya Mauwa, na ile karatasi haikupata sahihi. Nilimshauri azichane kurasa za zamani, alinde jina lake. Akaniuliza, "Mwalimu, we huwa unachana madaftari ya wanafunzi au unayasahihisha?" Kurasa zipo mpaka leo, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu: kosa langu.

Hesabu inatuachia inchi nne, kutoka arobaini na nne za zamani hadi arobaini za sasa. Je, ni za shoka la Leonardi, au za jua na bahari? Wataalamu bado wanaandikiana barua. Leonardi hakuzingoja: amepanda miti mia mbili, anasema ikiwa anahusika alipe, na ikiwa hahusiki apate kivuli. Mimi nina hakika jibu litapatikana, kwa sababu sasa tuna kitabu kinachoaminika, na kinaaminika kwa ajili ya wino ule mwekundu.

Tangu leo bilauri inashikwa na Mauwa mwenyewe. Amefaulu mtihani wake, na ana miaka kumi na tisa. Asubuhi hii alisoma vipimo vyote viwili, baba yake amesimama kando, mikono nyuma. Sifuri, na sifuri. Kisha akachukua kamba, akapima kitu ambacho baba hakukipima, akaandika kwenye nafasi ya maelezo: "Mnazi wangu, futi ishirini na sita." Mzee Fakihi alilia, na mimi nilikuwapo, nikalia naye.

Mzee wetu, simama watu wakuone. Umetufundisha kupima mvua, na kumpima anayeipima. Sasa nenda kapumzike chini ya mnazi ule. Kwa inchi saba zilizothibitishwa, tunakuhakikishia hutalowa.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio.