Kibaraza Kilichokuwa Hakikauki

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Leo nashuhudia nikiwa nimeinamisha kichwa, mnivumilie. Wengi mnanijua kama Mama Neema wa mapazia, yule wa Kariakoo, mwimbaji wa sauti ya kwanza hapa kanisani. Mimi huyu huyu nilikuwa namwaga maji ili watu wasipate pa kukaa.

Duka langu lina kibaraza. Enzi za marehemu mama, watu walipumzika pale: wabeba mizigo, wajawazito, wazee waliochoshwa na jua. Mama aliwawekea mtungi wa maji. Nilipolirithi duka, nikaona wananizibia wateja. Nikaanza kumwaga ndoo ya maji ya sabuni, asubuhi na mchana, kibaraza kisikauke. Mtu akiniuliza, nasema ni usafi.

Siku moja alikuja Mzee Saidi, msukuma mkokoteni wa mtaani kwetu, mtu wa umri wa baba yangu. Sikuwahi kumwamkia hata siku moja. Macho yangu yalikuwa yanaona mkokoteni tu. Aliomba akae kidogo, kifua kinambana. Nikamjibu, "Mzee, hapa siyo kijiwe," nikamwaga ndoo miguuni pake. Alikung'uta suruali, akaushika mkokoteni wake, akaondoka. Majirani walicheka na, ole wangu, wakaiga! Haukupita muda, vibaraza vya mtaa mzima vikawa vinachuruzika maji.

Ndugu zangu, mkuki kwa nguruwe!

Mwaka jana nilikuwa natoka zahanati, upande wa Mchafukoge. Presha ilikuwa imepanda, lakini kwa ubishi wangu nikasema nitatembea tu mpaka dukani. Kuingia mtaani kwetu, dunia ikaanza kuzunguka. Nikatafuta pa kukaa. Kibaraza cha kwanza maji, cha pili maji. Nikashika nguzo ya duka la vyombo. Mwenye duka, tunayesalimiana kila siku, akaniambia, "Mama Neema, usije ukaniangukia hapa mbele." Roho mbaya ile alijifunza kwangu! Wengine walishatoa simu wanirekodi.

Mkokoteni ukasimama. Mzee Saidi akashusha marobota ya watu, akatandika gunia, akanishika mkono.

"Kaa hapa, mwanangu," akasema. "Hapa pakavu."

Nililia kwa aibu. Nikamwambia, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, kana kwamba nimekuwa nikimwamkia miaka yote. Akanisukuma kunirudisha zahanati, Kariakoo nzima ikitazama, na njia nzima nilikuwa namsihi Yesu aniondolee moyo ule mgumu. Akauondoa! Haleluya!

Ndoo nimeiacha. Nilimwomba Mzee Saidi msamaha mbele ya majirani wale wale, akasema yameisha. Mtungi wa mama nimeurudisha. Lakini nisiwadanganye, wapendwa. Mpaka leo Mzee Saidi akija, kabla hajakaa anapapasa saruji kwa kiganja, aone kama imelowa. Kila akipapasa, natamani ardhi inimeze.

Namshukuru Mungu ambaye hakunitendea nilivyowatendea wengine. Wewe unayemfukuza mwenzio mlangoni pako, mkabidhi Yesu moyo huo leo, usingoje mpaka uanguke. Na ukipita Kariakoo umechoka, karibu ukae kwangu. Ukipapasa kwanza, sitakulaumu.