Kila Mtu Aje Achukue Sikio Lake: Historia ya Marehemu Denis Mazengo

Ndugu mchungaji, wazazi wetu, majirani wa Nzuguni, wanakwaya, na ninyi mliotoka Gulwe na Kolo kuja kumsindikiza ndugu yetu, kabla sijaanza namwomba fundi mitambo azime spika zile mbili za mbele, azizime kabisa, nitasoma kwa mdomo wangu na walio nyuma wasogee. Denis hakupenda kupigiwa kelele akiwa hai, na mimi dada yake mkubwa, Loisi Mazengo, sitakubali apigiwe akiwa ndani ya jeneza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1986 kijijini Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Petro Mazengo na mama yetu Dorothea, ambaye amekaa pale mbele. Nyumba yetu ilikuwa karibu na stesheni, na mama anasema kabla Denis hajajua kuhesabu alishajua kutofautisha treni ya mizigo na ya abiria kwa mlio tu, zikiwa bado mbali.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Gulwe kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akamaliza sekondari Mpwapwa mwaka 2004, kisha akaja chuo cha ufundi hapa Dodoma na kuhitimu mambo ya umeme na vifaa vya sauti mwaka 2008. Tarehe 15 Desemba 2012 alifunga ndoa na Aneth, wakajaliwa watoto wawili, Joshua aliyezaliwa mwaka 2014, na Elieth aliyezaliwa mwaka 2018.

Kwa kazi alikuwa fundi mitambo wa makanisa, harusi na mikutano, akisimama kila wiki kando ya spika zenye urefu wa mtu, kwa sababu kwetu ibada isipotikisa mabati watu husema haina upako. Mwaka 2016 daktari alimpima na kumwambia kwamba sikio la kushoto limeharibika na halitarudi. Hakulalamika, mimi ndiye niliyelalamika, yeye aliamua kwamba waimbaji yasiwakute hayo, akajifunza kutengeneza spika za masikioni za kupimwa, na mwaka 2019 akafungua karakana yake hapa Nzuguni.

Mlizoea kupita mkicheka kwamba Denis anauza masikio, basi leo mwelezwe alichokuwa anafanya. Mwimbaji alikaa kitini, Denis akamulika ndani ya sikio kwa tochi, akatia kipande cha sponji kilichofungwa uzi ili silikoni isifike kwenye ngoma ya sikio, kisha akaiminya ndani ikiwa laini, na wakati inakauka alimtaka mwimbaji aachame na kuimba noti yake ya juu kabisa, maana taya likifunguka njia ya sikio hubadilika umbo, na spika iliyopimwa mdomo umefungwa huvujisha sauti mtu anapoanza kuimba. Kutokana na umbo lile alitengeneza ganda gumu, akalipiga msasa mpaka likawa laini kama kokoto ya mtoni, akapanga ndani yake vispika vidogo, kimoja cha besi, kingine cha sauti ya kati, kingine cha sauti nyembamba. Ikikaa sawasawa, kelele za nje zinabaki nje, na mwimbaji anaisikia vizuri sauti yake mwenyewe hata spika ikiwa chini. Hiyo ndiyo ilikuwa maana yote ya kazi yake, sauti iwe chini.

Hapa nimeombwa niruke. Sitaruka.

Mwaka 2023 kwaya yetu iliagiza jozi moja, akapimwa Penina, mwimbaji wetu wa mbele, na Penina mwenyewe yupo, atasema kama alijisikia vibaya hata siku moja. Lakini kaka Fabian, mwenyekiti wa kwaya, alisema kitu hicho ni mali ya kwaya, kama sare na vitabu vya nyimbo, kwa hiyo kitavaliwa na yeyote anayeongoza wimbo. Jozi iliyotengenezwa kwa masikio ya Penina ikazunguka kwaya nzima, ikipanguswa kwa ncha ya kanga na kuchomekwa kwa mwingine, kwa huyu inapwaya, kwa yule inachubua, na ikipwaya besi inatoroka, mwimbaji hasikii kitu, anaomba sauti iongezwe, inaongezwa. Denis alikwenda mazoezini akaeleza, akaambiwa ana maringo na anataka kuigawa kwaya. Vijana walipoanza kulalamika kwamba masikio yanapiga mluzi, na sikio la mmoja likatoa usaha, kaka Fabian alisimama wakati wa matangazo, Jumapili tarehe 8 Oktoba 2023, akatangazia kanisa zima kwamba vifaa vya ndugu Denis vinaharibu masikio ya watoto wa Mungu. Denis alikuwa amekaa benchi la tatu na mke wake. Nilikuwepo, ninyi pia mlikuwepo, na hakuna mtu aliyefungua mdomo.

Makanisa mengine yalisikia, yakaacha kuja. Januari 2024 alifunga karakana na kurudi kwenye yale maspika makubwa ili watoto wapate kula, akiwa na sikio moja zima, na hilo nalo likaliwa na kelele. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nina hasira kwa sababu lililokufa si la aliyekataa dawa, ni la aliyeitoa.

Tarehe 6 Juni 2025, akivuka barabara akitoka kufunga mitambo ya mkutano, aligongwa na lori. Mashahidi wote wanasema dereva alipiga honi tangu mbali, na sisi hatumlaumu dereva. Alilazwa, akapigania maisha, na akafariki dunia asubuhi ya Jumanne tarehe 17 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka 39.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wakawa wanamwandikia kwenye karatasi kila walichotaka kumweleza, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi mitambo wenzake, hasa Yahaya, aliyemwacha Aneth alale na kukaa yeye kitandani pa mgonjwa.

Desturi inataka niulize kama kuna anayemdai marehemu. Nauliza, lakini siulizi habari za fedha. Kama yupo hapa ambaye Denis alimpima sikio lake, akamtengenezea spika yake, akaivaa mwenyewe, na ikamdhuru, asimame sasa, kabla hatujamfukia.

Nasubiri.

Hakuna aliyesimama, mchungaji ameona. Kule karakanani ameacha boksi lenye masikio ya silikoni ya wote waliowahi kukaa kwenye kiti chake, kila jozi na jina la mwenyewe, na Aneth hawezi kuendelea kuyatazama, kwa hiyo tukitoka makaburini kila mtu aje achukue sikio lake. La kwako, kaka Fabian, tumelitafuta. Halimo. Hukuwahi kukaa akupime.

Denis mdogo wangu, spika zimezimwa. Pumzika kwa amani.