Nani Aanze Kuonwa

Benchi la Mama Birika linatazamana na geti la hospitali, na wanaolikalia, kwa kuwa wanaona wagonjwa wakiingia mchana kutwa, wameshajihesabu kuwa wataalamu. Msumari, fundi viatu, anadai kuujua ugonjwa wa mtu kwa kutazama soli zake. Daktari hajawahi kuwa daktari. Alilinda geti lile miaka kumi na tisa, akastaafu na jina. Mama Birika mwenyewe anamimina kahawa na kukata kesi. Asubuhi ile alikuwepo pia binti wa kaka yake, wanayemwita Sista. Chuo cha uuguzi alikuwa amemaliza, lakini mtihani wa leseni ulikuwa umemwangusha mara mbili, na mara zote pale pale: kumpima mgonjwa kwa macho na maswali, kujua nani aanze kuonwa. Mara ya tatu ilikuwa iwe Jumatatu iliyofuata. Ya nne haipo.

— Soma kwa sauti, mwanangu, alisema Mama Birika. Kichwa kimoja hakitoshi.

Sista alivijua vichwa vya pale. Akakisoma kitabu chake cha mazoezi hivyo hivyo, maana kusoma peke yake chumbani kulishamchosha.

— "Umeingia zamu, una wagonjwa wanne. Wa kwanza alipasuliwa tumbo jana, analia kwa maumivu. Wa pili ana pumu. Kifua kilikuwa kikipiga miluzi, sasa kimenyamaza na anasinzia. Wa tatu amevunjika mguu, anataka kurudi kwake. Wa nne ana homa, anaomba maji. Utaanza na nani? Chagua jibu moja kati ya manne."

— Anayelia! Msumari alidaka, misumari midomoni. Mtoto akililia wembe, mpe.

— Umpe wembe mtu aliyepasuliwa jana? aliuliza Mama Birika. Foleni ni foleni. Aliyetangulia kufika aanze.

— Na huyu wa pumu? Sista aliuliza.

— Huyo kapona, si amelala? Msumari alijibu. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe.

Sista akaandika pembeni mwa ukurasa: *aliyenyamaza ghafla ndiye wa hatari.* Katika mtihani wa kwanza alijibu kama Msumari. Mara ya pili alijibu kama shangazi yake. Aibu ikampanda tena.

Daktari akakohoa. Daktari akikohoa, benchi linanyamaza, maana amri za getini bado zimo kooni mwake.

— Nyote hamjui kitu. Mimi nilikuwa natazama miguu. Aliyekuja bila viatu ametoka kwake mbio, huyo mpitishe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, sembuse viatu!

— Hapo kaka umenena, alisema Msumari, ambaye viatu vilimlisha.

— Halafu hesabu ndugu. Mgonjwa mwenye ndugu kumi na wawili aonwe upesi, si kwa sababu anaumwa, bali ili waniachie geti langu.

Wakacheka. Daktari alijifuta uso kwa kofia. Kulikuwa na ubaridi, wingu limetanda.

— Na tena, akaendelea, hao wanne si wanne. Ni mtu mmoja. Kajigawa awahi foleni.

— Kajigawaje sasa, bwana?

— Kitandani yuko mmoja! Wengine ni magodoro. Funga geti, magodoro yanatoka!

Msumari alicheka mpaka misumari ikamponyoka. Mama Birika alishika mbavu. Hata Sista, aliyekuwa akihakikisha jibu lake mwishoni mwa kitabu, alitabasamu bila kuinua uso.

Mwanamke mmoja aliyebeba bahasha ya picha za eksirei alikuwa amesimama kusubiri kahawa. Hakucheka.

— Samahani, alisema. Huyu baba huwa anaongea hivi?

— Kila siku! wakajibu kwa pamoja.

— Na huwa anakoroga kahawa kwa kalamu?

Sista akainua uso.

Daktari alikuwa akikoroga kahawa kwa kalamu ya Sista. Mkono ulimtetemeka, kahawa ikimwagikia gotini, naye hakustuka. Jasho lilimtiririka shingoni. Hata leo, leseni ikiwa imetundikwa ukutani, Sista hukiri kwamba hakuna mtihani uliomtia haya kama dakika ile: alikuwa ameketi shibiri moja kutoka kwa mgonjwa, akitafuta mgonjwa kitabuni.

Akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono. Ulikuwa baridi na umelowa.

— Baba, unanijua mimi ni nani?

— Wewe ni... wa zamu ya jioni.

Miaka mitatu alikuwa akimwita Sista.

— Shangazi, Daktari si ana kisukari?

— Anacho. Ndiyo maana kahawa yake haina kitu.

— Leo umechoma sindano yako, baba?

— Alfajiri.

— Umekula?

Daktari alifikiri sana.

— Nimekula zamu, akasema.

— Sukari imeshuka. Shangazi, sukari kwenye maji, haraka!

— Sukari? Kwa mwenye kisukari? Msumari akaruka. Utamuua mzee wa watu! Dawa ya moto...

— Ni moto! alikamilisha Mama Birika, akaja mbio na bakuli la sukari na kikombe cha maji. Kwa mara ya kwanza methali ya Msumari ilikuwa imeangukia mahali pake, naye mwenyewe hakujua.

Sista alimpa tone moja kwanza, akatazama koo likimeza, ndipo akamnywesha taratibu. Kikombe hakikumwagika. Baada ya muda Daktari alitazama kahawa iliyo gotini kwake, akakunja uso.

— Nani kanimwagia? Na wewe Sista, mbona umepiga magoti? Inuka, utachafuka.

Mama Birika akageuka upande, akalia kwenye kanga.

Walimvusha barabara wakiwa wamemzunguka, yeye akilalamika kwamba geti hilo halipitwi hivyo. Ndani, muuguzi wa mapokezi alimtoboa kidole, akapima, baadaye akapima tena, akaitikia kwa kichwa: sukari ilikuwa inapanda. Aliposikia habari ya maji ya sukari, akauliza nani alimpa. Wote wakamwonyesha Sista, Msumari akinyoosha mikono miwili.

— Vizuri sana. Akafungua fomu, kalamu tayari. Na hali hii ya kuchanganyikiwa ilianza saa ngapi?

Mama Birika akamtazama Msumari. Msumari akamtazama Sista. Walikuwa wameketi naye tangu saa mbili asubuhi, goti kwa goti, wakimsikiliza neno kwa neno.

— Ilikuwa kwenye magodoro, Mama Birika alijaribu.

— Au kwenye viatu, alisema Msumari, kisha akainamia dirisha la mapokezi kwa adabu. Muuguzi, samahani. Hilo swali lako halina yale majibu manne tuchague?