Miwani ya Hospitali

Hasina alipanda basi la kwenda Tulia akiwa amevaa miwani nyeusi, pana, aliyopewa hospitalini baada ya kupasuliwa jicho. Jirani yake kitini, msichana aitwaye Qamar, alivaa miwani ya fremu ya dhahabu. Wivu ukamkaba Hasina.

"Binti, tubadilishane. Mume wangu ananingoja steji na mke wake mdogo, Shamis."

"Mama, hii yangu ni ya urembo tu, haizuii jua. Dokta alikuambia nini?"

"Nisivue hii. Lakini Shamis akiniona hivi atanicheka mwaka mzima."

"Acha acheke. Jicho je?"

Basi likasimama. Hasina akaivua miwani, akaificha mkobani, akashuka kwenye jua kali akitabasamu, machozi yakimtiririka.