Kijiti cha Bibi Ardith

Ndugu, majirani, na ninyi wa klabu ya bastola za kale zinazojazwa baruti kwa mkono, mimi ni Kaylin, mjukuu wa marehemu, nimeombwa nisome, mtanivumilia.

Bibi yetu Ardith Pruett alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 katika milima hii hii ya Ozark, Missouri, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1958 kaka yake Orval akafa akisafisha bastola ambayo baba yao aliapa ni tupu, tangu siku hiyo Bibi hakuliamini tena neno 'tupu'. Alishona viatu kiwandani miaka thelathini na mmoja, akaolewa na Babu Hollis tarehe 13 Juni 1964, wakajaliwa watoto wawili, Mjomba Garland aliyeketi hapa mbele, na mama yangu, aliyetangulia.

Kila Novemba ninyi wa klabu mlimletea bastola zenu azitunze hadi majira ya kuchipua, naye kwanza alitumbukiza kijiti chake chenye alama katika kila tundu la silinda, pale zinapokaa risasi, alama ikizama, tundu ni tupu, ikibaki nje, ndani kuna baruti, kisha akaziosha kwa maji ya moto na sabuni, akazikausha kando ya jiko, akazipaka mafuta ya kondoo na nta, maana masizi ya baruti hunyonya unyevu na kutu haina subira. Mlimtania, Shangazi, leo umempima nani homa, naye akawajibu, lete mdomo wako niupime, huo najua umejaa.

Alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 22 Januari, akafariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024.

Juzi Mjomba aliishusha ukutani bastola ya marehemu Babu ili Bibi azikwe nayo, ilikuwa imening'inia pale tangu 1987, ndiyo pekee ambayo Bibi hakuipima, kwa kuwa Babu alisema ni tupu, na Bibi alimwamini yeye tu. Nikachukua kijiti. Mjomba akasema, "Wewe mtoto, unampima baba yangu kama alisema uongo?" Nikapima. Matundu mawili, alama ikabaki nje, na chini ya pale ilipotundikwa ndipo anapolala mwanangu Wade, ana miaka miwili.

Mjomba ameniomba kipande hiki nikiruke. Sikiruki. Bastola iko barazani ndani ya ndoo ya maji, baruti ilowe, haitazikwa, na Novemba leteni zenu, mcheke mkitaka, nitazipima zote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta maharage na mkate wa mahindi, wenzake wa kiwandani, na ninyi wa klabu mtakaobeba jeneza.

Pumzika kwa amani, Bibi. Kijiti ninacho mimi.